Meza ya Mtakatifu Yosefu Haiuzwi

New Orleans, 16 Januari 2012

Wifi yangu Gerlanda,

Salamu zikufikie huko Houston, wewe na mumeo Ray na mafua yake yasiyokwisha. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo halitaki tena kusikia habari za ngazi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mimi nikikatizwa nakata, basi hatufiki popote. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa ubishi tu.

Wageni wa Epifania wameondoka. Yule mama wa Denver aliunguza vitunguu saumu mara mbili akaanza kulia. Nikamwambia mama, hapa hatulii kwa vitunguu saumu, tunatupa tunaanza upya. Alipoondoka alikuwa anapika mchuzi mwekundu vizuri kuliko dada yako Pina, Mungu amrehemu, ambaye alitia sukari. Kwa hiyo kazi inakwenda. Wewe unawapata wageni kwenye kompyuta yako, mimi nawapokea, nawalaza vyumba vya juu, nawafunga aproni, nawafundisha. Kwa hilo sina lawama nawe.

Sasa jambo lenyewe. Jana Bi Earline wa nyumba ya pili alikuja na simu yake, akanisomea tangazo lako huku nasafisha mboga zangu za artichoki. Eti wiki ya Machi, pika na familia ya Kisisilia katika nyumba ya kale, kisha ule kwenye altare, meza ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, viti vya mbele, wageni wanane tu, milango imefungwa. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia basi, usirudie tena, kisu kiko mkononi.

Gerlanda, wewe umezaliwa katika nyumba hii. Mimi niliolewa tu nikaletwa. Ni aibu mimi nikufundishe wewe kwamba chakula cha altare hakinunuliwi, kinaombwa mlango kwa mlango, na hakiuzwi hata punje. Tarehe kumi na tisa Machi mlango unakuwa wazi na anayepita anaingia kula, hata kama amelewa. Ondoa hilo tangazo. Msalimie Ray, mwambie anywe maji ya tangawizi aache vidonge.

Wifi yako,
Nunzia


Houston, 27 Januari 2012

Mpendwa wifi Nunzia,

Salamu nimezipata. Huku tuko salama, Ray amekataa tangawizi, anasema inamkumbusha wewe. Goti lako lifunge kitambaa cha sufu na uache kupanda ngazi kila saa kuwakagua wageni kama mtawa wa bweni.

Tangazo siondoi. Nafasi zote nane zimechukuliwa, na wengine wameomba waongezwe. Kuna daktari wa meno wa Ohio, Bwana Pruitt, ameniandikia mara tatu kuuliza kama ataruhusiwa kupiga picha. Watu hawaji tena kwa ajili ya mchuzi, Nunzia. Mchuzi upo kila mahali. Wanataka kitu ambacho hakipatikani kwingine, na sisi tunacho. Kwa nini tukigawe kwa walevi wa barabarani na kukinyima watu waliosafiri kutoka mbali?

Na kwa kuwa umeanza, ngoja nimalize. Mimi sijakanyaga altare yako hata mara moja tangu ile tufani, na hujawahi kuniuliza kwa nini. Watu huweka altare kushukuru. Mtoto amepona, mume amerudi kutoka vitani, nyumba imenusurika. Wewe unashukuru nini? Kaka yangu Sal alitoka hapo mzima na funguo za gari mkononi. Yule mtakatifu wako seremala alikuwa wapi? Halafu kila Machi unampikia kama bwana harusi, na mji mzima unasema ona Nunzia alivyo mcha Mungu. Mimi huku nasaga meno.

Nusu ya nyumba hiyo ni yangu, baba aliiandika hivyo. Nimeivumilia altare yako kwa sababu haikunigusa. Safari hii nimeahidi watu. Ukiiharibu ile wiki nitaita dalali, na nusu yangu itanunuliwa na mtu atakayeweka baa hapo chini. Sitanii.

Wifi yako,
Gerlanda


New Orleans, 8 Februari 2012

Wifi yangu Gerlanda,

Nakusalimu. Goti ni lile lile. Ray mwambie tangawizi nayo inamkumbuka.

Umeniuliza nashukuru nini. Ni haki yako kuuliza, wewe ni damu yake. Nitakwambia jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Maji yalipoingia mjini, mtaa wetu ulibaki mkavu, hilo unalijua. Sal angekaa tu hapa tungekunywa kahawa tukisikiliza redio. Lakini akasema baba yake wa ubatizo, mzee Vito, yuko peke yake kule bondeni, anamfuata, atarudi kabla ya chakula cha mchana. Niliweka maji ya tambi jikoni. Yakachemka, nikazima, nikawasha tena. Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata, wala wiki hiyo. Hakuna simu iliyofanya kazi. Nikapiga magoti jikoni mbele ya sanamu ya Yosefu, ile ya bibi yako, nikaweka nadhiri kama walivyoweka wanawake wote wa ukoo wenu. Nikasema, nitafutie Sal, nami nitakuwekea altare kila mwaka mpaka nife.

Ndivyo nilivyosema. Na akapatikana. Walimkuta darini kwa mzee Vito, wote wawili, wamekaa wameegemeana. Nadhiri yangu ilijibiwa, Gerlanda. Sikusema apatikane hai. Nilisahau kusema. Mama mkwe alinifundisha tangu nikiwa bibi harusi kwamba ukiweka nadhiri taja jina, taja siku, taja kila kitu, maana watakatifu wanashika neno kama mahakimu. Nilikuwa nalia, nikasahau.

Kwa hiyo mimi sishukuru. Bibi yako alipokosewa na Mtakatifu Antoni alimtoa uani akalowa mvua mpaka rangi ikambanduka. Wengine huwageuza uso ukutani. Mimi nikaona hiyo ni adhabu ndogo. Nikasema huyu nitamlipa mpaka aone haya. Kila Machi nampandisha ngazi ya juu kabisa ya altare, namwekea samaki, mikate ya kusokotwa, biskuti za tini, maua, sipunguzi hata limau moja, kisha nasimama namtazama usoni siku nzima. Mimi neno langu nimelitimiza. Nataka alitazame lake.

Sasa wewe unataka nipokee pesa kwa kazi hiyo. Nikizipokea atakuwa amenishinda, kwa sababu itakuwa biashara, na katika biashara hakuna anayeona haya.

Dalali muite. Uza nusu yako, uza na ngazi, uza na bomba la uani linalovuja. Altare nitaiweka barazani kwa Bi Earline, tumeshaongea, amesema hata barabarani panatosha. Wageni wako wanane nitawapokea, sirudishi mtu. Watapika kama wengine. Lakini wataomba kama wengine pia, na mlango utakuwa wazi.

Wifi yako,
Nunzia


Houston, 2 Machi 2012

Nunzia,

Dalali nimeshaongea naye. Mnunuzi atapita kuona vyumba, mruhusu. Wageni waliahidiwa milango kufungwa, na itafungwa.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, sina la kusema.

Dada yake Sal,
Gerlanda


New Orleans, 22 Machi 2012

Wifi yangu Gerlanda,

Nakusalimu ingawa wewe uliacha kunisalimu. Natumaini mko wazima. Mimi goti limevimba kama boga lakini nimesimama siku yote bila kukaa, kwa hiyo nalisamehe.

Nakueleza yote mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Walifika wote wanane. Siku ya kwanza tulisukuma tambi, ya pili tukajaza artichoki, na Bwana Pruitt akaonekana ana mikono mizuri sana, kumbe kuchimba meno na kujaza artichoki ni kazi moja. Siku ya tatu asubuhi nikawapanga mstari pale ukumbini, nikampa kila mtu kikapu. Nikawaambia altare haina kitu, nendeni mkaombe. Wakacheka. Nikasubiri wamalize kucheka. Mke wa Pruitt akasema, lakini mama, sisi tumeshalipa. Nikamwambia umelipia kitanda na mafundisho yangu, mwanangu, na hayo umepata. Mtakatifu hujamlipa, na hapokei.

Wakatoka. Nilikuwa nimemwambia Bi Earline awafukuze mara mbili kabla hajawapa chochote, kama Yosefu alivyofukuzwa milangoni kule Bethlehemu akiwa na mkewe mjamzito. Gerlanda, ungemsikia. Nilikuwa nyuma ya pazia. Pruitt anabisha hodi na suti yake, Bi Earline anafungua: "Unataka nini?" "Naomba chakula cha altare." "Mtu mzima na viatu kama hivyo, huoni haya? Nenda kafanye kazi." Akamfungia. Akarudi, akafungiwa tena. Mara ya tatu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali, nimetumwa na Nunzia, siwezi kurudi mikono mitupu." Akapewa mayai na makopo ya dagaa. Alirudi amevibeba kama kabeba mtoto mchanga.

Wawili kati ya wanane walikasirika, mke na mumewe kutoka Atlanta. Walisema wamedanganywa, na ni kweli walidanganywa, ila si na mimi. Walifunga mizigo wakaondoka. Nikawafungia biskuti za njiani, hawakuzichukua, Bi Earline akazila.

Tarehe kumi na tisa nilifungua mlango nikauzuia kwa gudulia la mafuta, usifungike hata kwa upepo. Walikuja wengi kuliko mwaka jana. Walikuja wa chini ya daraja, wapiga tarumbeta, masista, walinzi wa usiku na usingizi wao. Wageni wako sita walipakua, walifuta meza, waliosha sahani mpaka vidole vikakunjamana. Na mnunuzi wako alikuja siku hiyo hiyo, na tepu ya kupimia. Nikamwambia pima baada ya kula. Akala sahani tatu, akamkuta padri wake wa utotoni, wakaongea, akaondoka akasahau kupima.

Huo ndio ukaidi wangu wote, sikuficha kitu. Sasa uza. Nimeshaanza kupanga vyombo vya Bi Earline vikae wapi na vyangu wapi. Usiniandikie kunibembeleza, na usiniandikie kunitisha. Mimi sijuti.

Wifi yako,
Nunzia


Houston, 1 Aprili 2012

Wifi yangu mpendwa Nunzia,

Salamu nyingi sana. Naomba goti lako lipoe. Ray mafua yamemwacha, amebaki na kikohozi na malalamiko. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina, na ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Nilikuwepo.

Nilipanda basi kuja kukuzuia. Nilikuwa nimepanga nikute mlango wazi, niufunge mwenyewe mbele ya watu wote. Nilipofika foleni ilikuwa imezunguka kona, na kofia ya Ray nilikuwa nimeivuta mpaka kwenye nyusi, hakuna aliyenijua. Nikasema ngoja nifike mlangoni kwa foleni, kama wengine. Mpaka nafika mlangoni, miguu ilikuwa imechoka na hasira sikuiona tena mahali nilipoiweka.

Niliketi kati ya mzee mmoja mwenye viatu visivyofanana na yule daktari wako wa meno, aliyekuwa amepewa dakika za kupumzika. Pruitt ndiye aliyenipakulia tambi. Akaniambia, mama, haya makombo ya mkate yaliyokaangwa hapo juu tunaweka badala ya jibini, ni unga wa mbao wa Yosefu, maana alikuwa seremala. Akanieleza taratibu kabisa, mimi niliyekaanga makombo hayo nikiwa bado nasimama juu ya kigoda. Nilimwacha aeleze. Alikuwa anajivuna sana, na alieleza vizuri.

Wewe ulipita mara mbili na bakuli la maharage, hukuniona. Ulikuwa huangalii watu.

Nunzia, miaka yote hii nilidhani umesamehe. Nilidhani umemzika kaka yangu, ukakunja magoti, ukasema asante. Hilo ndilo lililoniunguza, wala si altare yenyewe. Nikasema kama Sal hakuwa na thamani kwa yule seremala, basi na huyo mtakatifu nitamtia kwenye tangazo, auzwe pamoja na vyumba na kifungua kinywa. Barua yako ya Februari niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena, nikaiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza, na nikakuandikia yale maneno mawili makavu kwa sababu mengine yalikuwa hayatoki. Sikujua kama niamini. Mtu anaweza kuandika lolote.

Kisha padri akamaliza baraka, na chumba kizima, kama ilivyo desturi, kikapaza sauti, "Aishi Yosefu Mtakatifu." Wale wa Ohio walipiga kelele kuwashinda wenyeji. Mimi nilifumba mdomo, kama nilivyoufumba tangu tulipomzika Sal. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama kando ya ngazi za altare, mikono ndani ya aproni, unamtazama usoni kama ulivyoniambia, na wakapaza sauti mara ya pili na ya tatu, na mdomo wako haukufunguka. Chumba kizima kile, watu wote wale, ni mimi na wewe tu ambao hatukuitika.

Nikatoka kabla ya biskuti. Nilishindwa kukaa.

Dalali nimemkataa. Tangazo nimeliondoa, nimeandika jipya: njoo ujifunze kupika, na ukija Machi njoo tayari kuomba. Wameshaandika watu kumi na mmoja, sijui dunia hii ina nini. Pruitt anataka kurudi, anasema safari hii atajaribu mlango ambao haumjui.

Mimi sikuulizi ruhusa, nusu ya nyumba ni yangu. Februari ijayo nakuja kukata tini za biskuti. Na siku yenyewe ya altare utasimama upande wako ule ule, mimi nitasimama upande wa pili, ili Yosefu akikukwepa wewe macho anikute mimi.

Wifi yako,
Gerlanda