Kiti ni Kosa, Wifi Si Kosa

Nyumbani, ghorofani juu ya duka la rangi,
Jumapili mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Vipi goti lako? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, nami nakukumbuka kila nikipandisha ndoo zetu. Na binti yako mkubwa, amemaliza mitihani? Mwambie mke wa mjomba wake anamwombea, ingawa maombi ya mtu anayesinzia katikati si ya kuyategemea sana.

Sisi ni wazima. Kaka yako bado yuko zamu ya usiku pale ghalani, tunapishana mlangoni kama walinzi. Mkubwa ameanza kuandika jina lake, ukutani. Mdogo anaota meno ya juu. Sisi wengine hatuoti hata ndoto.

Mama yenu yuko salama. Anakula, anatembea, na akili zake ni timamu. Nakuomba neno hilo ulisome mara mbili, wifi: timamu. Barua hii yote ni ya kukueleza kwa nini nimeliandika, na kwa nini nimeliandika huku nimeinamisha uso.

Sijui kama mama aliwahi kukusimulia habari za Jumamosi zetu. Ng'ambo ya barabara kuna saluni, na mpangaji mmoja alipohama alimwachia msusi sanduku la vitabu vya zamani. Ni vidogo, vya kutia mfukoni, kurasa zimegeuka rangi ya chai, vingine havina jalada. Viko vya aina mbili tu: vya upelelezi, na vile vya wasichana wa shule za bweni. Msusi mikono yake imo vichwani mwa watu tangu asubuhi. Fundi cherehani wa chumba cha pili anasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, neno moja, pumzi, neno jingine. Macho ya mama unayajua, mtoto wa jicho ameshayafunika. Basi msomaji ni mimi. Nakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mdogo ananyonya, kitabu mkono wa pili, nawasomea kwa sauti.

Usidhani ni mchezo. Watu hugombana pale kama wanaogawana urithi. Msusi ni mtu wa bweni. Hajalala bwenini hata siku moja, lakini kengele zote anazijua, na akisikia tu mwanafunzi mgeni ameshuka na sanduku la bati, machozi hayo. Mama ni mtu wa upelelezi.

"Bweni gani hilo watu wana nafasi ya kuwekeana siri?" humwambia. "Bweni ni foleni ya bafuni."

"Na huyo inspekta wako je, koti zito juani, hatoki jasho?"

"Jasho atoke yeye, mbona kijasho kinakutoka wewe!"

Fundi yeye humshuku mpishi. Kitabu chochote, mpishi. Hata cha bweni kisicho na maiti, anasema yule mpishi ana lake jambo. Lakini anayegundua kabla ya wote ni mama, ndiyo maana saluni nzima walimwita Inspekta. Ungemwona alivyokuwa akiliitikia jina hilo, wifi. Ungedhani ameajiriwa.

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe. Tajiri mmoja muuza saa amekutwa amekufa kitandani. Daktari anaitwa usiku, mvua inanyesha, mjane anamfungulia mlango, anamwambia: "Ingia ndani, wifi, utalowa." Nilisoma nikapita zangu, nina usingizi. Mama akanisimamisha.

"Rudi nyuma. Amemwita nani wifi?"

"Daktari, mama."

"Basi daktari ni mwanamke. Tena ni dada wa marehemu. Tena mjane anajua."

Watu wakacheka. Sote tulikuwa tumeshamvisha daktari ndevu na suruali. Kitabu hakikuwa kimesema hivyo, wifi. Kilisema tu aliingia, akavua viatu, akanawa mikono, na kwa lugha yetu anayenawa mikono anaweza kuwa bwana au bibi. Mimi nikasema hilo ni kosa la mpiga chapa. Vitabu hivi vimejaa makosa, na humo humo inspekta alikuwa "amevaa kiti akatoka nje", yaani koti. Tulicheka kiti hicho wiki nzima.

Mama hakucheka. Alisema: "Kiti ni kosa. Wifi si kosa. Hilo ni neno la mtu aliyesahau kujificha."

Kila ukurasa niliofungua akarudi pale pale. Mdogo alikuwa ananiuma, mgongo unaniwaka, nami nilikuwa sijafumba macho tangu juzi yake. Hizi si sababu, nakueleza tu nilivyokuwa. Nikasema mbele ya watu: "Mama, wewe ulikuwa umesinzia, mambo mengine unayaota. Juzi si ulitia chumvi kwenye chai ukidhani ni sukari?"

Saluni ikaripuka. Fundi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. "Inspekta, staafu!" Mama naye alicheka kidogo, mkono mdomoni, kama mtu aliyekanyagwa akasema hakuumia.

Na ile chumvi, wifi, ni mimi niliyeijaza kwenye kopo la sukari alfajiri, macho yamefumba. Nilikuwa najua hata wakati ule nasema.

Jumamosi iliyofuata tukafika mwisho wa kitabu. Anayesoma kwa sauti, macho yake hutangulia mdomo. Macho yangu yakafika kabla yangu: inspekta anasimama sebuleni, anamgeukia daktari, anasema muuaji ni huyu, naye ni dada wa marehemu, wa baba mmoja, aliyefichwa na familia miaka yote. Kisha anamgeukia mjane: ni neno moja tu lililokuponyoka mlangoni, ulimwita wifi.

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zuri. Msusi ameacha kusuka. Nami badala ya "dada" nikasoma "kaka".

Lilitosha neno hilo. Yote mengine nilisoma kama yalivyoandikwa, lugha yetu ikanisitiri. Kwenye habari ya mlangoni nikaruka, nikatunga la kwangu, kwamba inspekta aliona matope kwenye viatu vya daktari. Fundi akapiga makofi, akasema tangu mwanzo alivishuku vile viatu. Mwongo yule! Tangu mwanzo alimshuku mpishi.

Mama aliinua kichwa. Halafu akasema, "Basi nilikosea," akaomba nimshike mkono tuvuke barabara. Kitabu nilikichukua nikakificha chini ya nepi.

Yaliyofuata mengine umeyasikia kwenye simu kwa mdomo wake. Aliacha kwenda saluni. Aliacha kumwogesha mdogo, akaniambia asije akamsahau majini. Kila asubuhi akaanza kuniuliza leo ni siku gani, mtu ambaye alikuwa akinikumbusha mimi siku za kliniki. Kisha akakupigia wewe akasema kichwa chake kinavuja. Nilikuwa jikoni nasikia. Kaka yako aliporudi kazini mkapanga wewe na yeye kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumchukua, umpeleke kwa daktari wa kichwa, akae kwako. Kaka yako akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikasema ninyi ndio wanawe.

Wifi, mama hana macho. Macho yake nilikuwa mimi, nami nikamwonyesha kisichokuwapo.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi moja msusi alichagua kitabu cha bweni, akasema upelelezi hauna ladha bila Inspekta. Ndani yake kuna msichana anasingiziwa wizi wa saa ya mwalimu, na kiranja wa bweni anaujua ukweli, ananyamaza asije akaaibika yeye. Msichana anafunga sanduku lake kwenda kwao. Nami ndiye msomaji! Nilisoma kunyamaza kwa kiranja kwa mdomo wangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na saluni nzima inamtukana.

"Mimi mwizi namsamehe," msusi akasema, kitana hewani. "Mwizi ana njaa yake. Lakini anayejua akanyamaza? Huyo akija hapa simsuki, hata alete nywele kwenye sinia."

Nilishindwa kuendelea. Nikasema mtoto ana homa, nikavuka barabara.

Mama alikuwa kitandani kwake anakunja nepi kwa kupapasa. Nikakitoa kitabu, nikakaa sakafuni, nikamsomea ukurasa ule kama ulivyo. Dada. Wifi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo sikusinzia."

"Hukusinzia, mama."

"Na chumvi?"

"Ni mimi, mama."

Akaendelea kukunja nepi hadi ya mwisho. Ndipo akasema kwamba siku zote hizo amekuwa akilala huku anajitajia majina ya wanawe, na ya wajukuu, asije akaamka hayupo hata mmoja kichwani. Akasema, "Kumbe kwa ajili ya daktari wa kitabuni." Hakuinua sauti. Nilitamani anichape.

Nilitaka kukupigia simu palepale, akanikataza. "Ukipiga simu utalia, na mwanangu ana huruma, mtalia wote wawili, mimi nitabaki kichaa. Andika." Ndiyo sababu unapata barua, na kitabu nimekiweka ndani ya kifurushi hiki hiki. Ukurasa nimeukunja pembe. Usome mwenyewe, usinisadiki mimi.

Kaka yako nimemweleza. Hajanigombeza. Anakula, anashukuru, anakwenda kazini, na ukimya wake unanitosha. Jumamosi ijayo nitasimama saluni niseme, na msusi akinifukuza kitini kwake nitajisuka mwenyewe mikia miwili kama mwanafunzi mgeni.

Sasa hapa nitasema kwa ukali kidogo, ingawa sina uso wa kumkalipia mtu. Wifi, usimpeleke mama kwa daktari wa kichwa. Mpeleke kwa wa macho. Kliniki yetu walisema mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena, na huko kwenu mna hospitali yenye wataalamu hao. Usimfichie dawa, usimfungie jiko, usimuulize leo ni siku gani kama unamjaribu. Mtu huyu alimkamata muuaji kwa neno moja, amekaa, macho yamefunikwa, huku sisi wenye macho tunacheka kiti.

Yeye mwenyewe amesema atakuja kwako. Atakuja kama mgeni, si kama mgonjwa, nami nimetumwa nikuandikie hivyo hivyo. Atarudi lini, amesema hilo si la kuulizwa na mimi. Jana alimwogesha mdogo. Sikuambiwa, nilisikia tu maji na mtoto anacheka. Aliponikabidhi hakugeuza uso upande wangu.

Nisalimie shemeji, na binti yako, na wale mapacha, na mama mdogo mkipigiana simu. Msusi anakusalimu ingawa hajakuona, na fundi pia. Mungu akupe nguvu za goti na utulivu wa nyumba, akuwekee watoto wako, na mama akifika kwako akufungulie mkono wa heri.

Nilitaka niishie hapo. Lakini mama amesema barua haitafungwa mpaka aisikie, na si kwa mdomo wangu. Fundi atakuja jioni kuisoma. Atasoma polepole, atapumzika kila neno, ila atasoma lililopo.

Basi lipo moja ambalo sijamwambia yeye wala mtu yeyote. Siku ile mlipopanga aondoke, nilisimama mlangoni mwa chumba chake naye amelala mchana, nikapima kwa macho kama vitanda viwili vya watoto vitaenea. Nikaona vitaenea. Aibu ya kitabu pekee ningeikiri mapema, wifi. Kilichonifunga mdomo wiki zote zile ni chumba.

Mama, kama fundi amefika hapa, mwache amalize. Sijafuta neno.

Ni mimi nikupendaye, na ninayekuonea haya,

Mke wa kaka yako.