Sindano Ambazo Kito Hakuchomwa

Jumapili

Chupa mpya ya insulini ya paka wangu Kito iko kwenye friji vile vile nilivyoiacha nilipokwenda msibani Kwihara. Hata kifuniko hakijatolewa. Na dada Rehema, niliyemwachia Kito, alikuwa ananipigia kila jioni: "Nimeshamchoma, wewe zika kwa amani."

Nilipomuuliza, alijibu huku akichagua mchele. "Naogopa sindano. Halafu ni paka tu, mdogo wangu."

Nikamtoboa Kito sikio kumpima damu. Sukari iko sawa. Nikarudia, iko sawa. Daktari wa mifugo alisema huenda siku moja asihitaji tena dawa, nami nimeiombea siku hiyo kwa miezi.

Imefika, na nimeshindwa kufurahi. Kito angeweza kufa, na Rehema angeendelea kunipigia simu.