Chumba cha Tatu Chini ya Bawa

Ziwa Kitangiri, Iramba
4 Februari 2025

Shikamoo baba mdogo,

Habari za Mwanza? Mama mdogo anaendeleaje na mgongo? Sisi wazima, ila mtandao wa simu umekufa tangu mvua, ndiyo maana naandika. Jirani yetu Severina ataipeleka barua stendi ya Misigiri ampe kondakta wa basi la Mwanza.

Baba bado anahangaika na ndege ya mzee Leonidas, yule rubani. Wametoa magurudumu, wanafunga maboya mawili ya alumini ili itue ziwani na kuvusha manesi, kwa sababu barabara ya ng'ambo imemezwa na maji. Shida ni kwamba mabawa ya ndege hii yako chini, siyo juu, kwa hiyo yanafunika maboya. Miguu ya maboya Baba ameikata na kuiunga mara mbili. Ikiwa mifupi, pangaboi la puani linachapa maji. Ikiwa mirefu, ndege inayumba kama ndama aliyezaliwa leo.

Kila boya lina vyumba vinne, na kila asubuhi lazima vitolewe maji kwa pampu ya mkono. Cha tatu kiko chini kabisa ya bawa. Baba haenei. Mzee Leonidas na tumbo lake ndiyo usiseme. Kwa hiyo kazi ni yangu tangu nimalize kidato cha nne. Naandika mipigo ya pampu kwenye daftari langu la Kemia. Ya leo ni hii. Kulia: 11, 9, 12, 8. Kushoto: 14, 10, kavu, 9. Jana na juzi ilikuwa karibu hivyo hivyo.

Jumamosi tarehe 15 wataijaribu. Baba atakaa kiti cha pembeni. Naogopa, wewe unazijua ndege. Niambie ni salama.

Mwanao,
Aneth


Mwanza
8 Februari 2025

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Mama yako mdogo anasalimia, mgongo umetulia. Mwambie baba yako, kaka Philipo aliyezoea kuchomelea majembe ya trekta asiichomelee ndege, apige ribiti, vile vipini vya kubana mabati. Najua atanitukana.

Sasa tuongee sisi wawili. Nimesoma namba zako mara tatu. Katika karakana hii ya ndege nimefanya kazi miaka kumi na saba, na sijawahi kuona boya lisiloingiza hata tone. Hata jipya hutoka jasho. Cha tatu kushoto unasema kavu siku tatu mfululizo. Uliipiga pampu kweli? Kama ulipiga na hakuna kitu, mrija umeziba. Kama hukupiga, niambie. Sitakugombeza.

Baba yako mdogo,
Chediel


Ziwa Kitangiri
11 Februari 2025

Shikamoo baba mdogo,

Natumaini barua inakukuta salama. Mimi si mzima sana, silali.

Sikupiga.

Siku ya kwanza niliyoandika kavu nilikuwa chini ya bawa la kushoto, nimelala kwa tumbo juu ya boya. Mzee Leonidas akapanda juu ya bawa bila kujua nipo. Ndege ikainama. Bawa likanibana bega na maji yakaniingia sikioni. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Aliposhuka nikatoka, nikasema kwa sauti ndogo, "Tayari." Baba akauliza, "Cha tatu?" Nikasema, "Kavu." Akanisifu kwamba nina mkono mwepesi. Tangu hapo siingii tena chini ya bawa lile, kila siku naandika kavu.

Zimepita siku kumi. Upande wa kushoto naona umezama zaidi, upana wa vidole vitatu. Baba anasema ni kwa sababu tangi la mafuta la upande ule limejaa. Mzee Leonidas ni mtu mzima, amerusha ndege kabla sijazaliwa. Nitaanzaje kumwambia? Jana nilimfuata Baba hadi kwenye banda. Akasema, "Enhe, mama?" Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Nijibu haraka.

Aneth


Mwanza
13 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nimempigia kaka mara sita, hapatikani. Nimeomba ruhusa, bosi kaninyima, kwa hiyo barua hii inatangulia.

Maji hayo yana uzito wa mtu mzima aliyejificha ndani ya boya, na rubani hajui yupo. Ndege ikikimbia, yanarudi nyuma yote kwa pamoja. Pua inanyanyuka, bawa la kushoto linagusa ziwa. Kwa ndege yenye bawa chini hakuna nafasi ya kusahihisha. Sema, Aneth. Sema hata kwa kunong'ona. Baba yako asipande.

Chediel


Ziwa Kitangiri
15 Februari 2025

Shikamoo baba mdogo,

Barua yako imefika leo saa nane mchana, baada ya yote.

Asubuhi watu walijaa ufukweni. Baba alishavaa jaketi la kuelea. Nilimsogelea, kisha nikageuka. Nikachukua pampu, nikaingia chini ya bawa la kushoto.

"Wewe, toka huko, tunaondoka!" mzee Leonidas akasema.

Nikaanza kuhesabu mipigo kwa sauti. Moja. Mbili. Nilipofika ishirini watu walikuwa wanacheka. Kwenye sitini walisogea karibu na maji. Baada ya mia Baba akaanza kuhesabu nami, akiwa amesimama ndani ya maji, ameshika ncha ya bawa lisinishukie. Tulifika mia moja sitini na tatu ndipo maji yakaisha.

Nilipotoka alikuwa ameshika daftari la Kemia. "Na hizi kavu?"

"Nilidanganya, Baba. Niliogopa."

Hakunipiga. Alivua jaketi, akakaa mchangani. Mzee Leonidas mwenyewe alisema leo hairuki. Mshono wa chumba cha tatu ulikuwa umepasuka, wameupiga ribiti.

Watajaribu tena Jumamosi ijayo. Baba amesema hapandi mpaka mimi niseme panda. Baba mdogo, zamani niliogopa kusema. Sasa naogopa neno lenyewe, hilo "panda". Omba ruhusa tena, uje. Leo jioni nimeingia chini ya bawa mara mbili. Ya kwanza mipigo saba. Ya pili kavu, na nilipiga kweli.

Mwanao,
Aneth