Plasta Juu ya Taa ya Oili

Baba watoto,

Chakula kipo jikoni, pasha. Gari usiliwashe.

Asubuhi nimeliwasha likalia kama kopo la misumari, halinyamazi. Nikabandua ile plasta yako kwenye dashibodi. Kumbe chini yake taa nyekundu ya oili inawaka. Eti ilikuwa inakuumiza macho.

Kile kidude kinachokaza cheni ya injini kinasukumwa na presha ya oili, bwana. Oili ikiisha, presha inashuka, cheni inalegea. Ikiruka meno, injini kwaheri.

~~Ongeza oili ujaribu.~~ Usiguse kitu, msubiri fundi.

Naenda kazini kwa miguu, na viatu hivi vipya. Plasta zilizobaki usizibandike popote. Ni za visigino vyangu.

Mama watoto