Jumapili ya Saa Nane

Nizwa,
9 Novemba, 1985

Kwa dada yangu mpenzi Shukriya binti Nadhir,
Aija, Sur.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada.

Naomba waraka huu ukufike nawe ni mzima, na lile goti limepungua maumivu. Ile dawa ya kuchua niliyokupa umeitumia, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Shemeji Abdullatif hajambo? Na bibi harusi wetu Badriya, bado anakataa kula ili nguo imkae vizuri? Mwambie mimi khaloo wake, mama yake mdogo, nasema ale, nguo hushonwa upya, mtu hashonwi.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Khelef yuko na kazi yake ya umeme, wiki yote iliyopita alikuwa Manah wakisimamisha nguzo, akirudi nywele zimejaa vumbi. Mimi niko na wasichana wangu skulini. Mwaka huu wananishinda kwa kelele, lakini wanasoma. Joto limeanza kupungua na asubuhi mtu anaweza kunywa chai uani bila ya kutoka jasho.

Ila mimi mwenyewe, dada, situlii. Idi iliyopita uliniuliza nina nini, nikakwambia ni kazi. Si kazi. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Alasiri Khelef akilala mimi huvaa abaya yangu nikatoka kwa miguu, nikafuata njia ya mashambani mpaka nje ya mji. Huku mwanamke akienda kwa miguu peke yake watu hudhani gari limemharibikia. Kila mwenye gari anasimama, ananiuliza kama nahitaji msaada, na wengine wanamjua Khelef. Juzi mzee mmoja alinifuata polepole na gari lake, taa zinawaka mchana, mpaka nikafika mlangoni, kisha akaenda zake. Khelef kaambiwa msikitini kwamba mkewe huenda ana jambo. Amecheka, lakini nimekiona kicheko chake hakikufika machoni.

Kuzunguka huku nilikujua Uingereza, nilipokuwa masomoni. Sijapata kukuhadithia habari za kule zaidi ya baridi na chakula kisicho na ladha, na leo nataka nikuhadithie, maana bila ya hayo huwezi kulielewa nililokuandikia waraka huu.

Bibi niliyekaa kwake, Bi Hobday, alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, si msemaji. Jumapili yangu ya pili pale alinikuta chumbani nimejifunika blanketi na koti juu yake, akanambia nyumba ya Kiingereza haimpashi mtu moto, kinachompasha ni miguu yake mwenyewe. Akanitolea viatu vya mpira vya marehemu mumewe, vilivyonifika magotini. Nikavaa soksi tatu tatu, tukatoka.

Kule, dada, kuna njia za miguu zinazokata katikati ya mashamba ya watu. Shamba ni la mtu, ng'ombe ni wa mtu, nawe unapita tu, na mwenyewe akikuona anakupungia mkono. Sharti ni moja, ukifungua lango ulifunge nyuma yako. Nilimuuliza Bi Hobday mara mbili kama kweli hatutafukuzwa. Akanijibu kwamba ile njia ilikuwako kabla yule mwenye shamba hajazaliwa, kwa hivyo yeye ndiye mgeni, siyo sisi.

Ulikuwa msimu wa kupukutika majani. Waarabu wanauita kharif, lakini usiifikirie kharif ya Salala, na mvua na ukijani wake. Hii ni kinyume chake. Miti inageuka manjano, kisha rangi ya halua iliyopikwa sana, kisha inabaki mitupu. Majani makavu yakikanyagwa yanavunjika kama papari, na yaliyorowa yanateleza na kutoa harufu ya chini ya mtungi. Asubuhi ukungu unalala mabondeni hata kondoo unawasikia kabla hujawaona. Na matope, dada, matope! Nilianguka siku ile ya mwanzo mara mbili, na Bi Hobday hakuniinua. Alisimama akaningoja.

Nikalipenda jambo lile kuliko nilivyopata kupenda jambo. Tangu tumetoka Unguja kila safari niliyoijua ilikuwa ya kukimbia au ya kupelekwa. Kule nilikuwa nakwenda tu. Hakuna aliyenijua binti wa nani, hakuna aliyenisubiri na birika la chai kuniuliza nimekawia wapi. Mwezi wa Oktoba Bi Hobday akaanza kwenda kwa bintiye kila Jumapili, nami nikawa natoka peke yangu, asubuhi mpaka giza linapoingia. Wiki nzima nilikuwa naihesabu hiyo Jumapili.

Sasa nakuja kwenye Jumapili mnayoijua nyinyi.

Unaijua kuliko mimi, maana ulikuwapo. Wewe na kaka yetu Marhoun mlimchukua Baba, naye mgonjwa, kwa gari mpaka ofisini kwa Marhoun, pale Ibra, ili anipigie, kwa sababu nyumbani hapakuwa na simu. Mlimkalisha kwenye kiti cha mkurugenzi na mto nyuma ya mgongo. Maghribi mlisali hapo hapo, mmetandika makaratasi ya maboksi. Marhoun akapiga namba, simu ikalia bila ya kupokelewa. Umenambia mwenyewe kwamba Baba aliishika ile simu na hakutaka kuitoa sikioni. Alikuwa akitabasamu na kusema, "Inalia. Nyumba yake hiyo inalia." Mlipiga tena na tena mpaka ikaadhiniwa isha, kisha mkamrudisha, hakula. Mlikubaliana mtajaribu tena Jumapili ya pili yake. Jumatano alfajiri akafariki.

Marhoun aliponipigia kunipa khabari, alinipa na rambirambi, kisha akaniuliza siku ile nilikuwa wapi. Nikamjibu kwamba nilikuwepo, nilikaa karibu na simu saa mbili ya usiku, maana Shukriya kaniandikia saa nane, na Waingereza wakisema saa nane wanakusudia saa mbili yetu, nami nimeshazoea hesabu yao. Akasema, "Basi ni Shukriya."

Na ikawa ni Shukriya. Wewe hukujitetea. Ulisema ni kweli, uliandika saa nane peke yake, hukutia "mchana," makosa ni yako. Marhoun alikwambia mbele ya watu wa matanga kwamba saa za Kiunguja ungeziacha Unguja. Bi mkubwa, mama yetu, Mungu amweke, tangu siku hiyo akitaka kujua saa au tarehe humuuliza mtoto mdogo, wewe hakuulizi. Hili la Bi mkubwa nimeliona kwa macho yangu niliporudi, na miaka mitatu hii nimekula kwako, nimelala kwako, sikusema neno.

Nilipokuja wiki tatu nyuma nilikukuta na Badriya mnaandika kadi za harusi. Uliandika majina kwa khati yako nzuri, na kila ukifika pa saa ulimsogezea Badriya kalamu. Ukasema, "Andika wewe, mamako hajui saa." Wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikauona mkono wako, umeuficha chini ya leso. Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Dada, barua yako niliielewa.

Ilinifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Uliandika kwamba Baba hawezi, kwamba anataka kusema nami kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba Jumapili, saa nane ya kule Uingereza, nikae karibu na simu. Nikasoma saa nane nikaelewa saa nane, kama unavyoielewa wewe, kama alivyotufundisha yeye Baba. Hata dakika moja haikunipitikia nyingine.

Nililiogopa neno moja tu. Niliogopa ataniambia rudi. Baba ndiye aliyesimama mbele ya ami zetu wote akasema binti yangu atakwenda kusoma, na nilijua kwamba yeye akiniambia rudi, siwezi kumkatalia. Basi nikaona, nisipolisikia, halikusemwa. Bi Hobday alikuwa kwa bintiye. Saa sita na nusu nikavaa vile viatu nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda.

Nilikwenda mbio. Sikutazama miti wala kondoo, nilitazama saa ya mkononi. Nikapanda kilima ambacho sikuwahi kukipanda, ili hata nikibadilisha nia nisiweze kufika nyumbani kwa wakati. Hivyo ndivyo nilivyofanya, dada, nilijifungia njia mwenyewe. Juu kule upepo ulikuwa mkali, majani yanapita usoni. Akatokea mzee na mbwa wake. Akanitazama, nadhani aliona sura yangu, akaniuliza kama nimepotea. Nikasema sikupotea, natembea tu. Akasema saa yake imesimama, akaniuliza ni saa ngapi. Ikanibidi niitazame na niiseme kwa ulimi wangu, saa nane kasoro dakika tano. Akashukuru, akamwita mbwa wake, akaenda.

Nikasimama nyuma ya ua wa miti kujikinga na upepo. Nikaiona akilini ile simu, juu ya meza yake ndogo ukumbini, chini ya makoti ya Bi Hobday. Nikajua sasa inalia. Nikahesabu. Nikadhani labda wamekata, kisha nikadhani labda wanapiga tena. Mikono yangu ilikuwa ya barafu. Sikulia.

Na hili ndilo lililonishinda kumwambia mtu yeyote, hata kwa Mola wangu nalisema kwa kujificha. Ilipopita saa nane na nusu nilifurahi. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikateremka kile kilima nikikimbia kama mtoto, majani yanaruka, nikacheka peke yangu kwa sauti. Wakati ninacheka, Baba alikuwa kwenye kile kiti anaisikiliza nyumba yangu inalia.

Nilirudi giza linaingia. Nikakaa kwenye ngazi karibu na simu, na viatu na matope yake, mpaka Bi Hobday akarudi. Haikulia tena. Jumatatu ningeweza kupiga ofisini kwa Marhoun, namba nilikuwa nayo. Sikupiga. Jumanne sikupiga. Nilijiambia Jumapili ya pili nitakaa.

Kozi nikaimaliza. Cheti ninacho, kimetundikwa ukutani skulini na mudira, mwalimu mkuu wetu, anawaonyesha wageni. Alichotaka kunambia Baba hakuna ajuaye. Umeniapia kwamba hakumwambia mtu. Labda ni rudi, labda ni soma, labda alitaka kuniuliza ninakula nini. Nimezunguka miaka mitatu nalitafuta lile neno, na mwenye kunipa hayupo.

Khelef nilimwambia usiku wa kuamkia Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Akasema tu, "Mimi si wa kuambiwa. Aliyebeba mzigo yuko Sur." Nilitaka kuja nikwambie mbele yako, lakini nakijua kinywa changu, ningefika nikaanza kukusaidia kukata vitunguu, jua likatua. Kwa hivyo nimeandika.

Jambo jingine ulijue. Jana Khelef alipita Ibra kwa kazi, na nimempa barua ya Marhoun, yenye haya yote bila ya kupunguza, na nimemwomba Marhoun amsomee Bi mkubwa. Nimefanya makusudi kabla ya kuitia hii posta. Nakujua, dada yangu. Ungeisoma hii, ungeichana, ungeniambia tusiwaambie, Bi mkubwa mtu mzima, tusimtie majonzi. Ungeubeba tena. Sasa huwezi kuubeba, umeshatoka mikononi mwako. Marhoun akija kwako, na atakuja, mwachie aseme, usimkatize kwa kumwambia si kitu.

Alhamisi ya tarehe ishirini na moja nitakuja Aija, inshallah, peke yangu, na nitakapoteremka kwenye mashua ya kuvukia Aija nitakuja moja kwa moja mlangoni kwako. Ukitaka kuniambia nirudi Nizwa nitarudi.

Na nakuomba jambo moja tu. Najua umeshaanza kunisamehe, pengine tangu ukurasa wa pili. Usifanye haraka. Nikasirikie kwanza, dada. Nikasirikie miaka mitatu yote, siku kwa siku, na usinipunguzie hata moja kwa sababu mimi ni mdogo wako. Halafu tutaona.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na Badriya mwambie namwombea kheri. Majirani zako wote wafikishie salamu zangu, na yule Bi Kaltham anayenipa samaki wakavu kila nikija. Khelef anakusalimu sana na anakuombea afya.

Ni mimi mdogo wako,
Fakhriya binti Nadhir