Digrii Nane Kusini

Jumatatu, 27 Aprili
Nimekamua saa kumi na mbili. Lita nne tu. Ng'ombe hajazoea mikono yangu. Mama Aneth humwimbia akimkamua, mimi siimbi. Mvua ya jana milimita kumi na nane kwenye kipimo changu. Masika ya kawaida hapa Akheri.

Mke wangu yuko Mafia siku ya nne, na mdogo wake Naomi. Likizo, zawadi ya binti yetu Aneth anayeishi mjini, Levolosi. Miaka sitini na sita bila kuona bahari. Mama Aneth amepiga simu mchana kunijulisha kwamba maji ya bahari yana chumvi kweli. Kumbe miaka yote hakuniamini.

Nimekula ndizi za jana. Chumvi nilisahau.

Jumatano, 29 Aprili
Redio asubuhi: kimbunga kiko baharini, mashariki ya Mafia, kinasogea pwani. Boti zote zimesimamishwa. Ndege ndogo pia.

Lazima niandike jambo hili kama lilivyokuwa. Siku moja kabla ya safari, redio ilisema kuna dalili za kimbunga huko mbali. Mama Aneth aliniuliza, "Baba Aneth, tuahirishe?" Nikatoa atlasi. Nikamweleza kwamba kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu, kwa hiyo upepo haupati nguvu ya kujiviringisha. Vimbunga huishia Madagaska na Msumbiji. Tanzania havifiki. Nilifundisha hivyo miaka thelathini na nne.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga begi.

Jioni amepiga tena. Sauti inakatika. Wanahamishiwa shule ya msingi, ina kuta za mawe. Nilimwambia akae mbali na madirisha. Sijui kama alisikia.

Alhamisi, 30 Aprili
Simu haipatikani. Nimejaribu mara kumi na moja.

Zakaria alikuja na pikipiki yake kuchukua maziwa. Nilimfundisha darasa la saba. Sasa ana mvi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama yupo salama?"

Nikamwambia sijui.

Akafunga dumu polepole. "Mwalimu, unakumbuka ule mtihani? Niliandika kimbunga kinaweza kufika kwetu. Ukanipa sifuri."

"Ulikuwa na sababu?"

"Sababu sikuwa nayo. Nilibahatisha."

"Basi sifuri ilikuwa halali."

Alicheka, mimi pia kidogo. Alipoondoka nikatoa atlasi na miwani. Akheri iko digrii tatu kusini ya ikweta. Mafia iko digrii nane. Ukifika digrii tano au sita, ule msukumo unaanza kutosha. Ramani hiyohiyo niliitundika ukutani miaka yote. Nilisema "Tanzania" kana kwamba nchi nzima imekaa Akheri.

Nimemtuma mke wangu kwenye kosa langu.

Ijumaa, 1 Mei
Sikukuu ya wafanyakazi. Aneth amepanda kutoka mjini na mkate na betri za redio. Macho mekundu. Anasema yeye ndiye aliyelipia tiketi, kwa hiyo lawama ni zake. Nikamweleza habari ya atlasi.

"Baba, na mimi ulinifundisha hivyo," akasema.

Redio inasema kimbunga kimepita juu ya kisiwa jana usiku. Mapaa yameezuliwa. Hawataji majina ya watu. Hapa hata jani la mgomba halitikisiki. Utulivu huu unanitia aibu.

Jumamosi, 2 Mei
Hakuna simu. Nimemkatia ng'ombe mgomba. Sijala.

Jumapili, 3 Mei
Ibada. Mchungaji alitaja majina yao kwenye maombi. Watu walinishika mkono mlangoni na kunipa pole, wengi wao wanafunzi wangu. Hakuna aliyetaja somo lile la vimbunga. Ningependa mmoja ataje.

Jumatatu, 4 Mei
Saa nne na robo. Namba nisiyoijua. Ni yeye. Simu ya mwalimu wa shule ile.

Wazima wote wawili. Nyumba ya wageni imepoteza mabati, shule ilibaki. Walilala sakafuni na wenyeji, watu kama arobaini. Chakula ni wali na pweza. Naomi alimkataa pweza siku mbili, siku ya tatu akaomba nyongeza.

Nilitaka kusema jambo. Nikauliza kama ana sweta.

Nimekaa kwenye ngazi. Boti bado hazijaruhusiwa.

Alhamisi, 7 Mei
Wamevuka. Wanalala Dar es Salaam, kesho basi.

Jumamosi, 9 Mei
Alifika jana jioni. Amekuwa mweusi, na amekonda shingoni. Alikwenda zizini kabla ya kuingia ndani.

Leo asubuhi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia kosa ni langu: nilisoma ramani vibaya, nikamruhusu aende, anisamehe. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo siku tisa.

Hakuinua kichwa.

"Baba Aneth, kwani wewe ulidhani nilikwenda kwa sababu ya ile atlasi? Begi lilikuwa limeshapangwa. Ungesema nisiende, ningekwenda."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Si heshima tu. Mtu anamuuliza mumewe."

Akatia ndizi kwenye sufuria.

Nimelifikiria tangu asubuhi. Mzigo umeshuka, na pamoja nao kimeshuka kitu kingine ambacho sikujua nimekibeba. Mvua milimita mbili. Jioni amekamua, lita saba.

Anasema mwezi wa kumi, bahari ikitulia, atarudi kuwasalimia wale watu wa shuleni, na mimi nitakwenda naye. Safari hii hakuuliza.