Wimbo Ambao Hukuutunga

Japuonj, mwalimu wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Mtu akianza Kijaluo katikati ya mazoezi, ulikuwa unashusha mkono na kusubiri, mpaka akumbuke kwamba Robi na Marwa ni Wakuria na wameketi papo hapo mbele yake. Ulisema kwaya ni moja, kwa hiyo lugha ya kazi ni moja. Sijathubutu kuivunja, hata sasa ambapo umelala kando ya nyumba yako kule Oyugis na huwezi kunisubiri tena.

Niko katika darasa langu la chekechea hapa Osiri. Watoto wameshaenda, nimekaa kwenye kiti chao kidogo, magoti karibu yafike kidevuni. Nje mashine za kusaga mawe zinaendelea kama kawaida. Nina habari za kukupa, na nyingine ni nzito.

Watu wa huku wanadhani ulianzia kwetu. Mimi ulinisimulia. Najua ulijifunza kinanda kwa kutazama vidole vya padre mmoja mzee ulipokuwa ukifagia kanisa. Najua ulipokuwa mwalimu wa shule Homa Bay uliwakusanya akina mama wauza samaki, wakaja mazoezini moja kwa moja kutoka sokoni, kanisa zima likinuka omena, na kwamba paroko alilalamika, nawe ukafungua madirisha tu ukaendelea. Nyimbo zako zilitoka hapo zikaenda parokia hadi parokia, hata kwa Wasabato, bila jina lako. Nilipokuuliza kama haikuumi, ulicheka. Ulisema wimbo ukishajulikana hauulizwi kwao ni wapi.

Osiri ulikuja kwa mazishi ya mwanafunzi wako wa zamani, ukawasikia wanawake wakiimba huku wakiosha udongo wa dhahabu kwenye makarai. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ukaomba uhamisho. Watu walidhani umechanganyikiwa, mtu mzima kuacha mji wenye ziwa na hospitali aje kwenye vumbi la mashimo. Ukaanzisha kwaya ya wachimbaji na waosha udongo, Wakatoliki, Wasabato na wasio na kanisa lolote, na kwa kuwa Wasabato hawawezi Jumamosi na Wakatoliki wana misa Jumapili asubuhi, mazoezi yakawa Jumapili alasiri. Mimi nilikuwa msichana mwenye sauti kubwa na kiburi. Nilitaka sauti ya kwanza, ukanipeleka ya pili, nikalia. Ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, ya kwanza watu wanaisikia. Ya pili wanaikosa siku isipokuwepo."

Siku ulipoanguka bado inanirudia. Ulikuwa unatuelekeza, mkono wako wa kulia ukaanza kushuka taratibu. Tulidhani unataka tupunguze sauti. Tukapunguza. Ukashuka zaidi, nasi tukapunguza zaidi, kwa utiifu ule uliotufundisha, mpaka tukawa tunanong'ona, na wewe ukaenda chini pamoja na kinanda. Kiharusi.

Hospitalini Homa Bay hukuweza kusema hata "maji". Mdomo ulifunguka, ukatoka mvumo. Mke wako, Mama Akoth, alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kuimba polepole wimbo wako wa kwanza wa Homa Bay. Ukauimba nami. Maneno yote, safi, beti zote. Muuguzi aliiweka chini trei aliyokuwa ameishika. Daktari akatueleza kwamba maneno ya kuongea na maneno ya kuimba hayakai mahali pamoja kichwani, kwamba mlango mmoja umefungwa na mwingine umebaki wazi.

Basi ukawa unaomba maji kwa ule ubeti wa mto, na ukitaka kugeuzwa unaimba ule wa safari. Mimi nilizijua nyimbo zako kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nikawa natafsiri. Wakaniita ulimi wa Japuonj. Nilijivuna kidogo, nisikufiche. Mume wangu Okello alikuwa ameshapata kazi ya kuendesha lori Nakuru na amepanga nyumba, ananingoja mimi na mtoto wetu Vero. Nikamwambia asubiri Japuonj apone.

Lakini kulikuwa na siku ulitaka kusema jambo ambalo hakuna wimbo wako uliowahi kulisema. Ulikuwa unapiga mkono wa kiti kwa ule mkono uliobaki na kunikazia macho. Mimi nakisia. Nakosea. Unafumba macho. Na watu waliosimama nyuma yangu wanachukua kisio langu kama neno lako na kuondoka nalo. Nilikuwa nakuona umo ndani, Japuonj, na mimi nimesimama mlangoni, siwezi kukutoa wala siwezi kuondoka.

Ulipofariki nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba sasa tumefunguliwa wote wawili. Siku ya mazishi wakaniuliza ungependa nyimbo gani. Nikajibu. Wiki iliyofuata wakauliza ungependa sare ya rangi gani. Halafu nani asimame wapi, kama tuimbe kwenye mkutano wa mwanasiasa fulani, kama Atieno aruhusiwe kurudi sauti ya kwanza baada ya kujifungua. Mwenyekiti wetu, Mzee Ouma, akatangaza kwamba nyimbo zako hazitaguswa hata noti moja, na kwamba mimi ndiye nitakayesema ulivyotaka. Okello akapiga simu. Nikamwambia asubiri kumbukumbu yako ya mwaka.

Sasa habari nzito. Marwa hayupo. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, shimo alilokuwa akichimba likaporomoka yeye akiwa ndani. Tulisimama pale juu, kwaya karibu nzima, tukitazama wanaume wakitoa udongo kwa majembe na mikono. Alipotolewa alikuwa ameshaondoka. Ile sauti ya tatu uliyoipenda, ya kijana aliyekuwa haonyeshi meno akiimba.

Wimbo ulinijia nikiosha sufuria. Sikuutafuta. Ulianzia sauti ya pili, chini kabisa, mahali ambapo mama huongea akiwa hataki watoto wasikie. Kiitikio kikaja kwa Kikuria, juu ya kicheko chake, maneno ambayo Robi alinisahihishia. Niliufundisha kwa jioni chache, hatukuwa na muda, na tukauimba kwao Kehancha siku ya kumzika.

Nilipoandaa kwaya sikueleza umetoka wapi. Hakuna aliyeuliza. Mzee Ouma akasimama kabla hatujaanza akawaambia waombolezaji kwamba huu ni wimbo wa mwisho ambao Japuonj alituachia. Nikageuka kumtazama. Alikuwa anaamini kabisa. Tukaimba, na tulipomaliza mama yake Marwa alikuja akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu alijua mwanangu atakufa. Alimtengenezea kabla." Ningemwambia nini yule mama? Nikamsindikiza hadi kwenye kiti chake.

Wimbo ukasambaa. Wanaupiga kwenye simu, umesikika redioni, kwaya za Rongo na Homa Bay zinauimba. Kila unakopita unaitwa wimbo wako wa mwisho. Nilimwendea Mzee Ouma nyumbani kwake nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Aliniwekea chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Achieng', ukiwa wako utaimbwa na sisi. Ukiwa wake utaimbwa na wote. Wewe unataka nini, wimbo au jina?" Nikakumbuka ulivyocheka ile siku nilipokuuliza kama haikuumi. Lakini wewe ulikuwa na nyimbo nyingi, Japuonj. Ulichagua mwenyewe kuziachilia. Mimi nilikuwa na mmoja, na ulichukuliwa ukapewa mtu aliyekufa. Nikawa nasimama kila Jumapili kuelekeza wimbo wangu, huku watu wazima wakinisahihisha kwamba Japuonj asingeuharakisha hivyo.

Ikafika kumbukumbu yako. Tulienda Oyugis wote, boma lilijaa, turubai tatu hazikutosha. Okello alikuja kutoka Nakuru, akasimama nyuma na Vero mabegani. Tukauimba wimbo ule wa mwisho, watu wakalia, na tulipokaa, Mama Akoth aliomba kipaza sauti.

Unamjua, haongei hadharani. Alikishika mbali na mdomo, ikabidi tuinamie mbele kumsikia. Alisema ameishi na mvumo wako jikoni, chumbani na shambani tangu alipoolewa, na kwamba hujawahi kuanzisha wimbo kwa sauti ya pili hata mara moja, kila mara ulianza na besi. Kisha akasema, "Huu si wimbo wa mume wangu. Aliyeutunga amekaa hapo mbele na kitambaa cha bluu. Na mimi namwonea huruma."

Mzee Ouma alitazama viatu vyake. Niliogopa kumtafuta mama yake Marwa kwa macho, lakini yeye ndiye aliyenijia. Akaniuliza kama ni kweli. Nikaitikia. Akafikiri kidogo, akasema basi ni vizuri, aliyeutunga alimjua kijana wake hata alivyocheka. Hapo ndipo nilipolia, sikulia siku ya kukuzika.

Nilidhani nimetoka, Japuonj. Lakini sikiliza kilichofuata. Wakaanza kupiga makofi, na mtu mmoja kule nyuma akaniita kwa jina lako. Siyo Achieng'. Japuonj. Wengine wakafuata. Mzee Ouma akanikumbatia mbele ya watu wote akasema Mungu hakutuacha yatima, sasa kwaya ina mwenyewe na haendi popote. Nilimwona Okello anamshusha Vero chini. Baadaye alinikuta kando ya gari. "Nilikuja kuwachukua," akasema. "Sasa sijui nawachukua kutoka kwa nani." Akarudi Nakuru peke yake.

Mama Akoth alinibakiza nilale kwake. Tukichambua mboga asubuhi akaniambia jambo ambalo hukuniambia. Kwamba ulipokuwa kijana Homa Bay uliitwa na chuo kimoja cha Nairobi ukasomee muziki, ukafundishe huko. Uliwaambia akina mama wa samaki utaondoka baada ya Krismasi. Ilipopita Krismasi ukasema baada ya Pasaka. Barua za kuitwa zikaacha kuja. Alisema hukuwahi kulalamika, ila miaka mingine ulikuwa ukikaa siku nzima bila mvumo, na hizo siku alijifunza kutokuuliza. Nimewaza sana kama hilo ndilo ulilokuwa ukinipigia mkono wa kiti. Sitajua. Na safari hii sitakisia.

Jumapili iliyopita niliwaambia wanakwaya. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba shule zikifungwa nahamia kwa mume wangu, na kwamba Robi ataelekeza, nimekuwa nikimfundisha. Nilingoja wakasirike. Hawakukasirika. Walinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema ataamka kesho alime. Kisha Mzee Ouma akauliza tuanze na wimbo gani. Mkono wangu ukainuka wenyewe, Japuonj. Niliuona ukipanda.

Ndiyo maana nakuandikia leo, ili neno langu liwepo mahali. Nakuahidi nyimbo zako nitazifundisha kokote nitakakokuwa, na nitasema ni zako. Nakuahidi kwamba Robi ataachwa awe Robi. Na nakuahidi kwamba hakutakuwa na baada ya Krismasi.

Shule zimefungwa leo. Okello alitaka kuja Jumapili, ndiyo siku lori lake linapumzika. Nimemwambia hapana, aombe ruhusa, aje Jumamosi, aje asubuhi. Jumapili nikiwasikia wameanza, nitabaki.

Oriti, kwaheri, Japuonj. Lala.

Achieng'